Tarakimu 6 za WhatsApp na namna wezi wanavyozipata

"Samahani ndugu yangu, kuna namba nimetuma kwako kimakosa, naomba unirudishie." Ujumbe huo hutoka kwa mtu unayemfahamu, kwa sababu akaunti yake imeshaibwa. Hakuna kilichokosewa: tapeli ameandika namba yako kwenye simu yake, WhatsApp ikakutumia wewe SMS yenye tarakimu 6. Akizipata, akaunti inahamia kwake.

Mbinu ya pili ni mbaya zaidi, maana huwanasa hata waangalifu. Mtu anapiga akijifanya huduma kwa wateja, anakuelekeza ubonyeze **21*, namba fulani, kisha #. Kuanzia hapo simu unazopigiwa zinakwenda kwake. WhatsApp, SMS isipofika, huweza kupiga na kuzisoma tarakimu zile kwa sauti. Simu hiyo anaipokea yeye, na wewe hata mlio husikii. Kagua kwa *#21#, futa kwa ##21#.

Kinga yenyewe haimalizi dakika mbili. Ingia Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili, uwashe, uweke PIN ya tarakimu 6 (tafadhali, siyo 123456). Kisha weka barua pepe. Wengi huruka hapo, halafu siku wakisahau PIN wanalazimika kusubiri siku 7 ndipo waibadilishe. Fungua pia Vifaa vilivyounganishwa (kwenye Android, gusa vitone vitatu vya juu; kwenye iPhone, vimo humo humo kwenye Mipangilio). Kompyuta usiyoitambua, iondoe.

Umeshaibiwa? Fungua WhatsApp kwenye simu yenye laini yako, andika namba, omba tarakimu mpya. Ukishaziingiza, mwizi anatolewa papo hapo. Ikidai PIN usiyoijua, ameiweka yeye: utasubiri zile siku 7, ila naye hayumo tena. Usiombe tarakimu mara kwa mara kwa hasira, kwani utafungiwa usiombe tena kwa muda, wakati mwingine kwa saa kadhaa.

Huku ukisubiri, piga simu ya kawaida kwa wasimamizi wa grupu za familia, kazini na kikoba wakuondoe. Usikawie: "nikopeshe laki moja, jioni narudisha" huanza kusambaa mapema, na wanaotuma ni wale wanaokuamini. Kwa walioko Tanzania, namba za matapeli huripotiwa kwa SMS kwenda 15040. Na aliyekwisha kutuma pesa awapigie mtandao wake wa simu hapo hapo, kabla hazijatolewa kwa wakala.