Hivi "asasi mwamvuli" maana yake nini hasa?

Juzi nilikuwa kwenye semina moja hapa Nyamagana, mjini Mwanza, ukumbi umejaa, kila mtu na chupa yake ya maji mezani, akasimama kijana mmoja anayejieleza vizuri tu akasema "sisi kama asasi mwamvuli ya mkoa tunasimamia vikundi vyote vilivyo chini yetu". Watu wakapiga makofi. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kina mama tunaokausha dagaa kule Igombe, na hiyo sentensi nimeshaisikia kwa wafadhili, kwa maafisa, kwa waandishi wa habari, hata kwa viongozi wa vikundi wenyewe. Kila nikiisikia naona kuna kitu tunanyang'anywa, na tunapiga makofi kwa sababu neno lenyewe hatujakaa tukaliangalia.

Kwa haraka maana yake ni hii. Asasi mwamvuli ni chombo ambacho wanachama wake ni asasi nyingine, sio mtu mmoja mmoja. Vikundi na mashirika ya hiari ya wilaya au mkoa au kanda vinakubaliana vyenyewe kuwa na chombo kimoja, vinakiandikia katiba, vinalipa ada, vinachagua viongozi, halafu chombo hicho kinavifanyia mambo mawili: kinavisaidia kujiimarisha (usajili, hesabu, ripoti, maandiko ya miradi, kupashana habari) na kinavisemea pale ambapo kikundi kimoja kimoja hakiwezi kufika. Wengine wanaita mtandao, sawa tu, ili mradi wanachama wawe ni wanachama kweli.

Sasa shida inaanzia kwenye neno. Mwamvuli, au mwavuli kama wengine wanavyoandika bila ile m ya pili, ni ndugu wa kivuli na uvuli. Mzizi ni ule ule, -vuli. Kwa hiyo Kiswahili kilipokiita hicho kifaa hakikuanza na mvua, kilianza na jua, ni kitu cha kukupa uvuli. Na Waingereza ambao tumechukua kwao huu msemo wa asasi mwamvuli, neno lao nalo limetoka Kiitaliano na mzizi wake ni umbra ya Kilatini, maana yake kivuli vile vile. Yaani lugha mbili ambazo hazina undugu wowote zimefika pale pale. Kivuli hakimwamuru mtu, hakimpimii kazi, hakimuulizi kwa nini jana hakuja, kipo ili aliye ndani yake aweze kuendelea na shughuli yake bila kuungua.

Tatizo ni hili neno "chini ya". Kwenye Kiswahili "chini ya" lina kazi mbili. Mama yangu yuko chini ya mwembe anachambua mchicha, hapo nasema mahali alipo. Yule bwana yuko chini ya mkurugenzi, hapo nasema nani anamwamuru. Hatujawahi kuchanganya mwembe na mkurugenzi, lakini likija suala la mwamvuli tunachanganya. Mtu anasema "vikundi vilivyo chini ya mwamvuli" akimaanisha vilivyo kwenye uvuli wake, anayesikiliza anaelewa vilivyo chini ya amri yake, na baada ya miaka miwili mitatu hata yule aliyesema mwanzoni naye anaanza kuamini hivyo na kuandika barua za "mnatakiwa kuwasilisha ripoti ofisini kwetu kabla ya tarehe fulani". Kwa mamlaka gani? Ukitaka kujua nani anasimamia asasi, sheria imesema. Mashirika yasiyo ya kiserikali yanasajiliwa kwa Sheria namba 24 ya mwaka 2002, yana Msajili wake, ripoti ya mwaka inaenda kwa Msajili. Sisi vikundi vya kijamii tunasajiliwa halmashauri, afisa maendeleo ya jamii ndio anatujua. Mwamvuli unaweza kukusaidia kuandika hiyo ripoti vizuri, na ni kazi nzuri sana hiyo, ila haujawa Msajili.

Neno la pili ni kuwakilisha, na hili ndio linaniuma zaidi. Limetoka kwa wakili, na wakili limetoka Kiarabu, mzizi ambao umetupa pia wakala na kutawakali. Yote hayo ndani yake kuna kukabidhi. Anayetawakali amemkabidhi Mungu jambo lake. Wakili amekabidhiwa kesi na mteja. Na wakala, angalia pale kwa wakala wa pesa anayekaa kwenye kibanda karibu na mwalo wetu (pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki), ana simu mbili na daftari, mama anakuja na mikono ina magamba ya dagaa anataka kutoa elfu ishirini, wakala pesa anayo lakini haitoki mpaka yule mama aweke namba ya siri mwenyewe. Wakala hata awe mwaminifu vipi, hata wawe wamezoeana miaka kumi, bila ile namba hakuna kitu. Kuwakilisha kuko hivyo hivyo. Nani kaweka namba ya siri? Kama vikundi havijakutana, havijachagua, havijasema nendeni mkaseme hivi, basi anayeenda kwenye kikao cha mkoa kusema "kwa niaba ya asasi za Mwanza" anaweza kuwa anasema kitu kizuri kabisa, cha kweli kabisa, ila anatoa maoni yake. Hajatuwakilisha.

Nasema hivi kwa sababu limetupata. Tulialikwa na shirika la yule kijana wa semina kwenye mafunzo ya siku mbili ya kutunza kumbukumbu za fedha, mafunzo mazuri, mpaka leo daftari langu la mapato na matumizi nalichora vile walivyotufundisha. Asubuhi ikapita ile karatasi ya mahudhurio, jina, kikundi, simu, saini, tukasaini kama tunavyosaini siku zote ili nauli irudi. Baada ya miezi kadhaa dada mmoja wa Ilemela akanitumia picha ya taarifa ya lile shirika, ukurasa umeandikwa "vikundi wanachama wetu", na sisi tumo! Hatujawahi kujaza fomu ya uanachama, hatujalipa ada hata shilingi, hatujaitwa kwenye mkutano mkuu. Nikauliza kwenye grupu letu la WhatsApp nani alikubali, kimya. Tulihudhuria tu, na kuhudhuria kukageuzwa kuwa kujiunga. Naamini aliyeandika hakuwa na nia mbaya, alihesabu karatasi za mahudhurio akaita wanachama, lakini ile orodha ndio inayomfanya mtu aingie kwenye kikao na kusema anawakilisha vikundi vingi, na huko kwenye kikao linajadiliwa jambo la mialo na sisi wa mwaloni hatujui hata kama kikao kipo.

Kanda yetu hii haikuanza jana kujua kitu hiki. Miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa pamba wa huku Usukumani walikuwa wanapunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, wakaanza kujipanga wapime pamba yao wenyewe, vikaja vyama vya msingi vijijini, vikaungana kuwa vyama vikubwa, na mwaka 1955 vikaunda shirikisho lao hapa Mwanza, Victoria Federation, Paul Bomani akiwa ndio kiongozi anayejulikana zaidi. Huo ulikuwa mwamvuli kwa maana yenyewe, ulitoka chini kwenda juu, mkulima alikuwa na chama chake kijijini na chama chake ndio kilikuwa na shirikisho. Lakini mzee yeyote wa pamba atakwambia pia kilichofuata, shirikisho likawa kubwa, wakulima wakaanza kulalamika kwamba viongozi hawawasikii, malalamiko ya namna hiyo yalikuwa nchi nzima mpaka serikali ikaunda tume ya uchunguzi mwaka 1966, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa kabisa, vikaja kuruhusiwa tena kwa sheria ya mwaka 1982. Mimi naona pale wakulima walipunjwa mara ya pili, mara ya kwanza kwenye mizani, mara ya pili kwenye kusemewa.

Vingine vinavyochanganywa navipitia haraka. Mfadhili anayevipa vikundi ruzuku ni mfadhili, hata kama anavipa vikundi hamsini, pesa haimfanyi mwamvuli. Shirika kubwa lenye ofisi za wilaya ni shirika kubwa, zile ofisi ni matawi yake. BMU zetu za mialoni, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo, zina msingi wake kwenye sheria ya uvuvi kwa ajili ya ulinzi wa rasilimali za ziwa pamoja na serikali, kwa hiyo hata zikiungana, ni kitu kingine na asasi za hiari. Halafu kuna Baraza la Taifa la NGOs, yaani la mashirika yasiyo ya kiserikali, lile limeundwa na sheria yenyewe ya 2002 kwa ajili ya uratibu na kujisimamia kimaadili, wakati TANGO, jumuiya ya mashirika yasiyo ya kiserikali Tanzania ya mwaka 1988, mashirika yaliianzisha yenyewe kwa kujiunga. Vyote viwili vinazungumzia mashirika mengi kwa pamoja, lakini kimoja mlango wake ni sheria na kingine mlango wake ni hiari, na mtu anayeandika habari anapaswa kujua yuko kwenye mlango upi.

Na mwamvuli wa kweli kwenye mkoa kama huu wetu una kazi ngumu, watu hawaioni. Mkoa una Ukerewe ndani ya maji. Kikundi cha kisiwa kidogo cha Ukara kikiitwa kikao cha saa tatu asubuhi mjini lazima kivuke kwanza kuja kisiwa kikubwa, kifike Nansio, kisubiri meli ya Mwanza, kilale, yaani kikao cha muda wa saa nne kinakula siku tatu za mtu ambaye dagaa zake ziko kwenye chanja na mawingu yanatanda. Wa Sengerema wamepata nafuu tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kilomita 3 unapita tu na gari hamna kusubiri kivuko, ila Ukara hakuna daraja. Sasa chombo kinachosema kinawakilisha mkoa halafu vikao vyote ni Nyamagana, na waliokuja ni wale wale wenye ofisi mjini, kinawakilisha mjini. Kilichopo hapo ni kupeleka kikao Nansio mara moja moja, au kuchagua mjumbe wa visiwani na kumlipia siku zote tatu bila kunung'unika, au kupiga simu kabla ya kikao na kuuliza nyie mnataka tukaseme nini. Simu ya dakika kumi. Hiyo ndio namba ya siri.

Yule kijana wa semina nilimfuata wakati wa chai. Nikamwambia baba, umeongea vizuri, ila neno moja tu. Vikundi viko na ninyi, haviko chini yenu, na sisi wa Igombe hatujajiunga bado, tulisoma kwenu tu na tunashukuru. Akanisikiliza, hakubisha, akasema kumbe, akafungua kompyuta yake pale pale juu ya meza ya chai, akatafuta ile slaidi, akafuta "wanachama" akaandika "vikundi tulivyovifundisha". Halafu akaniuliza fomu ya uanachama waitengenezeje na ada iwe kiasi gani ambacho kikundi kama chetu kinaweza. Nikamwambia hilo siwezi kulijibu peke yangu, ngoja nikawaulize kina mama Jumamosi tukikutana.