Mgongo wa zambarau sio kipigo: mtu kafa lini na kafa kwa nini, daktari anajuaje

Naanza na alama za mgongoni maana ndizo zinazoniuma zaidi. Mtu kafa usingizini, wanaingia waoshaji, wanamgeuza wanakuta mgongo umekuwa zambarau kuanzia mabegani, basi hapo hapo mtu anasema huyu kapigwa, na kabla hajazikwa mke wake keshatajwa muuaji. Jamani, moyo ukisimama damu haisukumwi tena, inashuka yenyewe chini, mtu akiwa kalala chali inajikusanya mgongoni. Inaanza kuonekana ndani ya nusu saa mpaka masaa mawili, na ikishapita masaa 8 hadi 12 hivi haihami tena hata ukimgeuza, ndio maana maiti ikikutwa kifudifudi halafu zambarau iko mgongoni daktari anauliza nani kaigeuza. Akiwa na shaka anachanja ngozi, kipigo damu imeingia kwenye nyama na haifutiki, hii ya kushuka ukipangusa inatoka.

Ni hivyo hivyo kwa tumbo la kijani na maji mekundu yanayotoka puani. Watu wanasema sumu, wengine wanasema kalogwa. Hiyo ni kuoza tu, ukijani unaanzia chini ya tumbo upande wa kulia na gesi inasukuma maji yatoke juu, kwenye joto siku moja inatosha. Sumu haijulikani kwa macho, inabidi damu, mkojo, kipande cha ini na vilivyomo tumboni vipelekwe maabara, na majibu yanaweza kuchukua wiki kadhaa.

Halafu kuna hii ya kwenye filamu, daktari anagusa shingo anasema kafa saa nne na robo usiku. Hakuna. Anachoweza kusema kwa haki ni kati ya jioni ile na alfajiri. Ile hesabu ya mwili kupoa digrii moja kila saa imetoka nchi za baridi, sasa wewe chukua Mombasa mchana digrii 32 na mwili una 37, utapoa nini hapo, na chini ya mabati unaweza usipoe kabisa. Kukakamaa nako kunaanzia kwenye taya baada ya masaa 2 mpaka 4, mwili mzima kama masaa 12, kisha unalegea, lakini joto linaharakisha yote hayo. Kwa hiyo anaunganisha kila kitu, mpaka simu ya mwisho aliyopiga marehemu.

Na funza msiwamwage. Nzi wanafika mapema sana na umri wa funza ni saa ya aina yake. Scotland mwaka 1935, karibu na Moffat, vilipatikana vipande vya miili bondeni, funza wakaonekana wana siku 12 hadi 14, hilo likasaidia kujua vilitupwa lini na daktari mmoja aliyefanya mauaji hayo akanyongwa mwaka uliofuata.

Shakahola kule Kilifi, Kenya nayo, walikozikwa waumini wa mhubiri mmoja aliyewaambia wafunge kula mpaka wafe, makaburi yalipoanza kufukuliwa Aprili 2023, wengi waliamini wote wamekufa kwa njaa kwa sababu habari ilianza na kufunga. Wengi ni njaa kweli, mwili usio na mafuta na tumbo tupu vinajieleza. Lakini upasuaji ulionyesha wengine walinyongwa, wakiwemo watoto, na wengine walipigwa. Bila kufungua mwili mmoja mmoja wale watoto wangeandikwa njaa na ikaishia hapo. Miili ilipita 400, mingine ilikuwa imeoza kiasi kwamba sababu haikupatikana, na daktari kuandika hivyo sio uzembe, ni ukweli wa kile alichokikuta mezani. Hata majina ilibidi yasubiri vipimo vya DNA vya ndugu, familia za kwanza zikakabidhiwa watu wao Machi 2024, karibu mwaka mzima wa kusubiri.