Taima ya taa: maana yake, jinsi ya kuichagua na kuifunga

Taima ya taa, ambayo wengine huiita swichi ya saa, ni kifaa kinachowasha na kuzima taa kwa nyakati ulizozipanga mwenyewe. Ndani ya kasha lake mna vitu viwili tofauti: saa na kontakti. Saa inahesabu muda, na ili iendelee kutembea inahitaji umeme wake yenyewe. Kontakti ni swichi kama ile ya ukutani, ila badala ya kubonyezwa kwa kidole inaendeshwa na saa. Ukiutambua utengano huo, mambo mengi yanayowasumbua watu yanaeleweka: kwa nini taima fulani inadai nyutro (waya unaorudisha umeme), kwa nini nyingine inapoteza majira umeme ukikatika, na kwa nini skrini inaweza kuonyesha ON huku taa haiwaki.

Matumizi yake makubwa majumbani ni taa za nje: za geti, za ukuta, za varanda. Chukua taa tatu za LED za wati 20 kila moja. Zikisahaulika zikawaka mchana na usiku zinakula uniti 1.44 kwa siku, yaani zaidi ya 43 kwa mwezi. Zikiwaka saa 12 za giza peke yake ni uniti 21.6. Ukizipangia saa 12:30 jioni hadi saa 5 usiku, kisha saa 11 alfajiri hadi saa 12:15 asubuhi, zinashuka hadi uniti 10 na kidogo. Kwa mwenye kununua umeme kwa LUKU au tokeni, tofauti hiyo inaonekana mwezi wa kwanza. Taa ya ulinzi, hata hivyo, iache iwake usiku kucha. Hapo faida ya taima ni kuizima asubuhi bila mtu kukumbuka.

Sisi tunaoishi karibu na ikweta tuna nafuu moja kubwa. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni mwaka mzima, na Nairobi tofauti kati ya machweo ya mapema zaidi na ya kuchelewa zaidi ni kama nusu saa. Kwa hiyo taima ya kawaida ukiipanga mara moja inatosha, huna haja ya kulipia ile ghali inayokokotoa machweo kwa kila tarehe. Anayeishi London hana nafuu hiyo: Desemba jua linazama kabla ya saa 10 jioni, Juni linazama baada ya saa 3 usiku, na taima ya saa maalumu itamlazimu aibadilishe kila baada ya wiki chache. Jambo la kuangalia kwetu ni mahali ulipo kutoka mashariki kwenda magharibi. Mwanza jua linachelewa kuzama kwa dakika 25 hivi kuliko Dar, na Kigoma kwa karibu dakika 40, ingawa saa za ukutani ni zilezile. Usinakili mpangilio wa ndugu yako wa Dar ukautumia Kigoma.

Sasa aina zenyewe. Iliyo rahisi kuliko zote ni taima ya plagi: unaichomeka kwenye soketi, na taa ya mezani unaichomeka juu yake. Ya kimakanika ina diski inayozunguka mara moja kwa saa 24, pembeni ina vipini, kwa kawaida 96, na kila kimoja ni dakika 15. Vipini vilivyobonyezwa chini ndio muda wa kuwaka. Diski izungushe kufuata mshale tu, kinyume chake unavunja gia. Udhaifu wake ni kwamba injini ya saa inategemea umeme wa soketi. Umeme ukikatika kwa muda wa saa tatu, diski nayo inasimama kwa muda huo, na kuanzia hapo taa zako zitachelewa kuwaka na kuzima kwa saa tatu mpaka uirekebishe kwa mkono. Mahali penye mgao wa mara kwa mara, hiyo si taima ya kununua.

Taima ya dijitali ina betri ndogo ndani inayoifanya saa iendelee kuhesabu umeme ukiwa haupo. Inapatikana ya plagi, ya kufunga kwenye boksi la swichi, na ya kufunga kwenye reli ndani ya sanduku la breka. Kwa nyumba nyingi za kwetu, hii ya reli ndiyo chaguo bora kwa taa za nje. Upana wake kwa kawaida ni nafasi ya breka mbili, milimita 36, na sababu ya kuipendelea ni nyutro, nitakayoieleza hapa chini.

Swichi za Wi-Fi nazo zinafanya kazi ya taima, ila saa yao inatoka kwenye intaneti. Nyingi zinashika masafa ya gigahezi 2.4 tu, kwa hiyo ruta iliyowekwa gigahezi 5 peke yake hazitaiona. Hakikisha eneo la saa kwenye programu ni la Afrika Mashariki. Likibaki la China, iliyo saa tano mbele yetu, taa uliyoipangia saa 12:30 jioni itawaka saa 7:30 mchana.

Kuna kifaa kingine kinachochanganywa na taima: fotoseli. Hii haijui saa kabisa, inahisi mwanga tu. Inawasha giza likiingia na kuzima kunapokucha, na haisumbuliwi na umeme kukatika. Lakini haiwezi kuzima saa 5 usiku. Ukitaka taa iwake giza linapoingia hasa, hata siku ya mawingu, kisha izime usiku wa kati, funga vyote viwili kwa mfuatano: moto, yaani waya unaoleta umeme, upite kwenye taima kwanza, kisha fotoseli, ndipo uende kwenye taa. Taima iwashe saa 11:30 jioni na kuzima saa 5 usiku. Fotoseli ndiyo itaamua taa ianze lini ndani ya muda huo. Fotoseli isielekee taa inayoiongoza, la sivyo itaona mwanga wake, itazima, itaona giza, itawasha, na itaendelea hivyo usiku kucha.

Tuje kwenye nyutro, mahali ambapo kazi nyingi zinakwama. Fungua boksi la swichi la nyumba ya kawaida na mara nyingi utakuta nyaya mbili tu za kazi: moto unaoingia, na waya unaopanda kwenda kwenye taa. Nyutro haikufikishwa hapo, imepita darini moja kwa moja hadi kwenye holda. Swichi ya kawaida haiihitaji kwa sababu haina saa ya kulisha. Taima nyingi za dijitali zinaihitaji. Hapo baadhi ya mafundi hufanya jambo la hatari: wanatumia waya wa ethi kama nyutro. Taima itawaka, lakini sasa umeme unapita kwenye waya uliowekwa kwa ajili ya usalama. Ethi ikikatika mahali, kila chuma kilichoungwa nayo mbele ya hapo kinaweza kuwa na moto, na kama nyumba ina breka ya kuvuja umeme itaanguka au itakataa kabisa kupanda. Kuazima nyutro ya soketi ya jirani nako ni kosa, maana ukizima breka ya taa ili ufanye kazi, nyutro ile bado inabeba umeme wa saketi nyingine.

Kuna taima za boksi zisizohitaji nyutro. Zinajilisha kwa kupitisha umeme kidogo sana kupitia taa yenyewe hata ikiwa imezimwa. Kwa balbu za zamani za waya hilo halikuwa na shida. Kwa LED ya wati 5, umeme huo kidogo unaweza kuifanya ing'ae hafifu au ipepese usiku kucha. Angalia kwenye karatasi yake mzigo wa chini kabisa unaotakiwa kabla ya kuinunua.

Kwenye sanduku la breka, moto na nyutro vyote vipo. Sharti moja: taa za nje ziwe na saketi yao. Zikiwa zimeungwa kwenye breka moja na taa za vyumba, taima itazima na hizo za vyumba. Hapo afadhali kuiweka kwenye kasha dogo karibu na boksi la muungano la taa za nje. Ikiwa kasha liko nje, liwe na alama ya IP65 (yaani halipitishi vumbi wala maji ya kurushwa), na Mombasa, Tanga au Unguja hilo si la hiari, kwa sababu hewa ya chumvi inakula shaba na kontakti haraka.

Dukani, soma ubavu wa taima. Ukiona 16(4)A, namba ya kwanza ni ya mzigo wa kawaida kama hita, ya mabano ni ya mizigo yenye koili kama mota. LED zina tabia yake: zinapowashwa zinavuta mkondo mkubwa kwa muda mfupi mno, na mkondo huo unaweza kuzigandisha kontakti. Taima nzuri huandika kando kiwango cha wati za LED, na kwa kawaida ni kidogo mno kuliko ungekipata kwa kuzidisha ampea 16 na volti 230. Ukiwa na taa kubwa kadhaa za kumulika eneo pana (flood light), taima iendeshe koili ya kontakta (swichi kubwa inayofungwa na kufunguliwa kwa umeme), na kontakta ndiyo ibebe taa.

Kufunga taima ya reli ni kazi ya fundi mwenye leseni, ya EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya, lakini mwenye nyumba anapaswa kujua kinachofanyika. Zima mein swichi, si breka ya taa peke yake. Pima kwa mita kwamba hakuna umeme, na kabla ya kuiamini mita ipime kwanza mahali unapojua pana moto. Bonyeza taima kwenye reli. Nyaya za taa kwa kawaida ni za milimita mraba 1.5, na breka yake ya ampea 6 au 10. Menya ganda milimita 7 au 8, shaba isionekane nje ya tamino (tundu la skrubu linaloshika waya), kaza skrubu, kisha vuta kila waya kwa mkono. Waya uliolegea unapata joto, na joto linayeyusha plastiki.

Tamino za taima nyingi za aina hii zimepangwa hivi: 1 na 2 ni moto na nyutro vya kulisha saa, na 3, 4 na 5 ni za kontakti. Mchoro uliochapwa ubavuni ndio wa kufuata, kwa kuwa namba hubadilika. Hapa ndipo penye kosa linalojirudia kuliko yote. Kontakti haina umeme wake. Lazima uunge kipande cha waya kutoka tamino ya moto hadi tamino ya pamoja ya kontakti, ndipo waya wa taa utoke kwenye ile inayoungana na hiyo ya pamoja taima ikiwashwa. Bila kipande hicho, skrini itaandika ON, utasikia mlio wa kubofya, na taa itabaki giza.

Ukitaka kuwasha taa kwa mkono nje ya saa zake, swichi ya ukutani ifungwe sambamba na kontakti, yaani moto uwe na njia mbili za kufika kwenye taa. Ikifungwa kwa mfuatano, itaweza kuzima tu, na mtoto akiigusa taima yote inakuwa haina kazi.

Taima mpya ikitoka kwenye boksi huenda skrini ikawa tupu kwa sababu betri imeisha. Iache kwenye umeme saa kadhaa, kisha bonyeza tundu la RESET kwa kipini. Panga saa na siku kwanza, programu baadaye. Taima inasoma saa 24, kwa hiyo geuza hivi: kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni ongeza 6, saa 1 hadi saa 5 usiku ongeza 18, saa 6 usiku ni 00:00, kuanzia saa 7 usiku hadi saa 12 asubuhi punguza 6. Saa 12:30 jioni ni 18:30. Taa inayowaka asubuhi na kulala jioni karibu daima imeandikiwa 06:30.

Kila ON iwe na OFF yake, na angalia siku. Ukichagua Ijumaa na Jumamosi kwa kuwasha 18:30, na siku hizohizo kwa kuzima 06:15, taa ya Jumamosi jioni haitazimwa Jumapili asubuhi. Itawaka hadi Ijumaa inayofuata. OFF yake iwekwe Jumamosi na Jumapili. Baada ya hapo bonyeza MANUAL hadi ifike OFF, kisha AUTO. Ukitoka ON kwenda AUTO, taima nyingi zinaacha taa iwake mpaka OFF inayofuata.

Miaka ikipita, dalili zinasema zenyewe. Umeme ukirudi na saa inaanza upya 00:00, betri ya ndani imekufa. Taa isipozima ingawa skrini inaonyesha OFF na mlio wa kubofya unasikika, kontakti zimegandana. Kuigonga taima kunaweza kuziachia kwa siku moja au mbili, lakini zitaganda tena. Badilisha taima, na safari hii weka kontakta katikati.