Kwa nini krispi zako za muhogo zinanywa mafuta

Malalamiko ninayoyasikia zaidi kuhusu krispi za muhogo ni mawili: zimelowa mafuta, au zimekuwa ngumu kama mbao. Wengi hulaumu moto. Mara nyingi kosa limeshafanyika sokoni, kabla karai halijapanda jikoni.

Muhogo wa krispi uwe wa miezi 8 hadi 12. Ulio mchanga una maji mengi, na uliopitiliza una nyuzi ambazo hakuna moto utakaozilainisha. Msimu nao una neno lake. Masika yakianza, mmea hutumia wanga ulio kwenye mzizi kuotesha majani mapya, na muhogo unakuwa wa majimaji. Maji yanapotoka kwenye kipande ndani ya karai huacha vitundu, na mafuta huingia humo humo. Ndiyo maana krispi za mwezi wa nne hunywa mafuta kuliko za mwezi wa nane, hata mkaangaji akiwa yule yule. Kipindi hicho vikaushe vipande zaidi kabla ya kukaanga, usitegemee moto ukusaidie.

Uliza pia umevunwa lini. Muhogo hauna subira: ndani ya siku 2 au 3 huanza kuwa na mistari ya bluu iliyoingia weusi, na krispi zake hutoka na madoa. Pale sokoni Mgandini, hapa Tanga, mwombe muuzaji auvunje mbele yako. Muhogo mzuri hukatika kwa mlio, ukiwa mweupe mpaka katikati. Ukiona sehemu za kahawia zilizokauka ndani ya nyama, huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Una uhusiano wa karibu na mkoa wetu: mtafiti H. H. Storey wa kituo cha Amani, huko Usambara Mashariki, ndiye aliyeueleza kitaalamu mwaka 1936. Ubaya wake ni kwamba shina na majani yanaweza kuonekana salama huku mzizi umeoza ndani, kwa hiyo kuutazama kwa nje hakutoshi. Aina ya muhogo iitwayo Kibandameno, pamoja na utamu wake wote, hushambuliwa kirahisi sana. Sehemu hizo zikikaangwa huwa nyeusi, ngumu na chungu, na kipande kimoja kinatosha kumharibia mlaji pakiti nzima.

Kabla ya kununua, tafuna ncha kidogo mbichi kisha uteme. Ikiwa chungu, achana nao. Uchungu ni dalili ya sianidi, sumu ya asili ya muhogo, na kukaanga peke yake hakuiondoi ipasavyo. Muhogo mchungu ni wa kulowekwa na kukaushwa, si wa krispi. Kwa hilo sina mjadala.

Sasa jikoni. Kilo 3 za muhogo wenye maganda zitakupa takribani kilo 1 ya krispi. Panga bei yako ukilijua hilo. Menya ganda la nje pamoja na lile nene la ndani, maana sumu hukaa zaidi kwenye maganda. Kata mviringo kwa ubao wenye kisu, unene wa milimita 1 hadi 1.5. Ukikata hivyo, ule uzi wa katikati unabaki kidoa tu kisichosumbua meno. Ukitaka krispi ndefu, pasua muhogo kwanza na uutoe uzi wote. Unene ukizidi milimita 2, nje itaiva na katikati itabaki ngumu.

Osha vipande kwa maji mawili au matatu mpaka maji yasiwe meupe tena. Huo weupe ni wanga, na ndio unaogandisha vipande karaini na kuchafua mafuta haraka. Vitandaze juu ya kitambaa safi kwa dakika 15 hadi 20, feni ikiwepo ni bora. Usivianike juani mpaka vijikunje, vitakuwa vigumu.

Kwa lita 2 za mafuta, kaanga gramu 150 hadi 200 za vipande kwa mkupuo, zaidi ya hapo mafuta yanapoa. Anza na joto la nyuzi 170 hadi 175. Kama huna kipimajoto, tumbukiza kipande kimoja: kizame, kisha kiibuke juu kikitoa povu baada ya sekunde 3 au 4. Kikielea papo hapo na kuota malengelenge, punguza moto. Kikilala chini, ngoja.

Cha kutazama baada ya hapo ni mapovu. Mapovu ni maji yanayotoka, na yakikaribia kuisha, kwa kawaida baada ya dakika 2 hadi 3, krispi zimeiva hata kama bado ni nyeupe. Muhogo una sukari kidogo, hauwi wa dhahabu kama viazi. Anayesubiri rangi huishia na uchungu.

Kisha linakuja jambo ambalo wengi hulidharau. Sehemu kubwa ya mafuta huingia kwenye krispi baada ya kuipua, si ndani ya karai. Krispi ikipoa, mvuke uliobaki ndani husinyaa na kuyavuta mafuta yaliyo juu yake. Kwa hiyo zikung'ute kwenye chujio juu ya karai kwa nguvu, sekunde 10 hadi 15, zikiwa za moto kabisa. Kuzimwaga kwenye karatasi na kuondoka hakutoshi.

Viungo vinyunyizwe ndani ya dakika ya kwanza, la sivyo havishiki. Kwa kilo 1 ya krispi: chumvi gramu 15, pilipili ya unga gramu 6, ndimu ya unga gramu 4. Visage pamoja mpaka vilainike. Usikamulie ndimu mbichi isipokuwa kwa krispi zinazoliwa pale pale, maana maji yake huzilegeza.

Mafuta yachuje kila ukimaliza kazi. Yakianza kutoa povu lisilotulia, au moshi mapema kuliko kawaida, yamwage yote. Kuyaongezea mapya hakuyafufui, ni kuyaharibu hayo mapya.

Funga zikishapoa, dakika 20 hadi 30, usizilaze wazi. Hewa yetu ya pwani ina unyevu na huzilegeza haraka. Kuziba mfuko kwa mshumaa huacha vitundu usivyoviona, mashine ndogo ya kuzibia ni bora zaidi. Zilizolegea zirudishe kwenye karai kavu, moto mdogo, dakika 3 hadi 5 huku ukigeuza.