Kuba la Barabara ya Nkrumah si la misikiti yetu

Wageni wengi wakipita Barabara ya Nkrumah hapa Mombasa, karibu na Treasury Square, huliona lile kuba la rangi ya fedha wakauliza ni msikiti gani. Ni Kanisa Kuu la Ukumbusho la Kianglikana, lililojengwa kati ya 1903 na 1905. Kazi yangu ni kukarabati majengo ya kale, na swali hilo hunigusa kwa sababu kanisa lile, ukilitazama vizuri, halifanani na misikiti ya kale ya Mombasa.

Ingia Mji wa Kale ukautazame Msikiti wa Mandhry, unaosemekana kuasisiwa 1570. Mnara wake mweupe ni mnene chini, umechongoka juu, hauna madoido. Tena kuwa na mnara ni jambo la pekee, maana misikiti mingi ya kale ya pwani haikuwa nao; muadhini alipanda juu ya paa akaadhini. Paa lenyewe lilikuwa bapa, sakafu nzito ya mawe na chokaa iliyobebwa na boriti za mikoko. Boriti haivuki nafasi ya zaidi ya mita tatu hivi bila kupinda, ndiyo maana vyumba vya nyumba zetu za mawe ni vyembamba na ndani ya misikiti mna nguzo nyingi. Makuba yalikuwako pwani, Msikiti Mkuu wa Kilwa unashuhudia, ila hayakuwa mazoea ya Mombasa.

Kuba la Nkrumah, basi, ni la John Houston Sinclair, ofisa Mwingereza wa Zanzibar aliyekuwa pia msanifu majengo. Ndiye aliyechora huko Zanzibar Mahakama Kuu ya Vuga, ya 1908, na jumba la makumbusho la Beit al-Amani, ya 1925. Ukiyatazama pamoja unatambua mkono mmoja. Alichukua sura za Kiislamu za nchi za mbali akazichanganya apendavyo, na ningetamani angejifunza zaidi kwa mafundi wa hapa. Hata hivyo kazi yake naiheshimu. Madirisha marefu membamba huleta mwanga bila kuliachia jua lote la pwani liingie. Kanisa kuu la Kianglikana la All Saints la Nairobi, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa 1917, msanifu Mwingereza Temple Moore alilichora kwa mtindo wa Kigothi kana kwamba liko Uingereza. Sinclair alijua anajenga penye joto.

Ukumbusho wenyewe ni wa Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga, Uganda ya leo, Oktoba 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Alishika njia fupi ya kupitia Umasaini, akaingia kutoka mashariki, upande ambao Buganda iliuogopa. Ila mimi humkumbuka zaidi William Jones, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, akalelewa India, kisha akahudumu Rabai, kituo cha misheni karibu na Mombasa. Hannington alimwacha Kwa Sundu, Mumias ya leo, pamoja na sehemu kubwa ya msafara, akatangulia na watu hamsini. Jones akangoja, hata wakarudi wachache walionusurika na ile habari. Ndiye aliyeuongoza msafara kurudi Rabai mwanzoni mwa 1886. Anayesimulia habari za kanisa hili asimruke.

Dayosisi ya Mombasa iliundwa 1898. Kanisa kuu lilipokamilika 1905, serikali ilikuwa inahamishia makao yake Nairobi.

Sasa niseme la ufundi. Majengo ya Mombasa ya enzi hiyo yalijengwa kwa mawe ya matumbawe, na mawe hayo hunywa maji. Plasta ya chokaa huyaruhusu kuyatoa tena. Ukuta unalowa masika na kukauka kaskazi. Plasta ya saruji huyafungia ndani, na chumvi ikikauka nyuma yake inaisukuma mpaka ivimbe na kubanduka. Ukigonga mahali hapo kwa kifundo cha kidole unasikia mlio wa utupu. Wazee wa kanisa lolote la umri huu wakiletewa fundi anayesema saruji ni imara zaidi, wamwombe awaonyeshe ukuta wa matumbawe alioupaka saruji miaka kumi iliyopita. Chokaa safi bado inapatikana pwani, na mafundi wanaojua kuichanganya wapo.