Tambara mlangoni si kifaa cha kuhamishia mzinga

Juzi simu imeita tena. "Kaka, usiku nyuki si wamelala? Naziba mlango kwa tambara, napakia kwenye guta, asubuhi tuko kwenye alizeti." Huyu ni wa nne msimu huu. Wote wanauliza chombo cha kubebea: guta au pikapu, bodaboda itaweza? Hewa, hakuna aliyeiuliza.

Usiku nyuki hawaruki vizuri, lakini wanatambaa, na suruali yako wanaijua njia. Taa nyeupe ya kichwani inawaita usoni. Ifunike kwa plastiki nyekundu, maana rangi hiyo hawaioni. Basi, turudi kwenye tambara.

Penye majana, yaani watoto wa nyuki, nyuki hushikilia joto la nyuzi 34 au 35 za sentigredi. Ziba mlango kabisa, tikisa mzinga, uone. Wanacharuka, wanajazana mlangoni, wanapepea mabawa ili wapoe, na kupepea kwenyewe ni kazi inayotoa joto. Pasipo pa kutokea, joto linarudi kwao. Nta huyeyuka ikipita nyuzi 60 hivi, lakini hulegea mapema sana, na sega lililojaa asali halisubiri kuyeyuka ndipo lianguke. Mwaka wangu wa pili nilitoa mzinga pori la Itigi, nikaufikisha salama, hakuna aliyeumwa. Asali ilikuwa inadondoka kwenye bodi ya gari. Nilipofunua, nyuki walikuwa weusi, wamelowa, wanang'aa, wamelala chungu nzima juu ya masega yaliyoporomoka. Tambara langu lilikuwa limekaa vizuri sana, halikupitisha hata mmoja.

Kifaa cha kwanza, basi, ni wavu wa waya, ule wa madirishani. Kwenye mzinga wa fremu kazi ni nyepesi: ondoa mfuniko, pigilia wavu juu, funga. Wenye mizinga ya viunzi, yaani vibao vya juu vinavyoning'iniza masega, ndio wanaonikera, kwa sababu wanaiga hivyohivyo na kudhani wamemaliza. Viunzi vimebanana, ni dari! Kuondoa paa hakuingizi hewa hata ya kuzimia kibatari. Toa viunzi vitatu au vinne vitupu upande usio na masega, weka hapo fremu ya mbao yenye wavu, na mlangoni weka wavu pia. Kama mlango ni vitundu, usivizibe kwa sponji la godoro. Wanalitafuna.

Mikanda: ule wenye kikazio cha chuma ni mzuri, miwili kwa kila mzinga. Mpira wa tyubu nimeutumia miaka mingi na bado naupenda, ila unavutika. Kwenye rasta paa linachezacheza na mwanya wa nyuki mmoja unatosha kumtoa dereva barabarani. Nikitumia tyubu, naongeza kamba ya katani.

Toroli sitaki kuliona. Sega la mzinga wa viunzi limening'inia kwenye ubao mmoja wa juu, halina waya ndani, halina mbao pembeni. Gurudumu moja likigonga jiwe, sega linayumba kama nguo kambani. Kata miti miwili mirefu, pitisha chini ya mzinga, funga, bebeni watu wawili kama machela. Miguu ya binadamu inalainisha njia kuliko tairi. Kwenye gari, masega yaelekee mbele na nyuma, kwa sababu breki ndiyo inayovunja. Na usivune jana yake: sega jipya jeupe ni laini, na gundi ya nyuki uliyoibandua ndiyo iliyokuwa imeshika viunzi.

Sasa nikiri. Nimefanya yote haya, nikapeleka mbali zaidi ya kilomita tano ili wasirudi walikozoea, nikafika alfajiri, nikafungua wavu wa mlangoni mwisho kabisa. Siku ya tatu mzinga mtupu. Nyuki wetu wa kiafrika wakichukia jambo wanahama, na malkia wao, bila kuaga. Wengine husema moshi mwingi kabla ya safari ndio unaowachukiza. Mimi nimewahi kupoteza makundi kwa moshi na bila moshi. Siku hizi napuliza bomba la moshi mara mbili tu mlangoni, tena kwa ajili ya mikono yangu zaidi kuliko yao.

Harufu ya ndizi mbivu ikianza kutoka kwenye mzinga uliofungwa, hiyo ni harufu ya hatari, nyuki wanaitana. Simamisha gari, subiri, usimwage maji mlangoni.

Yule wa juzi ameniandikia jioni: chekeche la unga la mkewe, lililotoboka pembeni, litafaa? Litafaa. Kata mbali na pale palipotoboka, na umwambie mama mapema.