Slingi si shuka

Juzi nimeambiwa tena: "Daktari, tuletee ile kubwa kabisa. Mama ni mzito, tunataka awe salama." Kwanza, mimi si daktari, kazi yangu ni kupima watu slingi, yaani kile kitambaa kinachotundikwa kwenye mashine ya kumwinulia mgonjwa, na kufundisha wanaowahudumia. Pili, maneno hayo nimeyasikia kwa watoto wa wagonjwa, kwa wauguzi, hata kwa wauzaji wa mashine zenyewe, ambao walipaswa kujua. Nimechoka kuyajibu kwa mdomo.

Slingi haimshiki mtu kwa kumfunika. Inamshika kwa kumkaza mahali panapofaa. Mashine ikianza kupanda, uzito wa mwili unavuta chini, kitambaa kinakaza mgongoni na chini ya mapaja, nyonga zinabaki zimekunjwa kiasi. Mkunjo huo ndio unaomzuia mtu asiteleze. Sasa mpe slingi iliyomzidi. Mpaka kitambaa kije kukaza, makalio yameshazama, magoti yamepanda kuelekea kifuani, na chini yake kuna uwazi kati ya vipande viwili vya miguu. Kwenye slingi kubwa, uwazi huo nao ni mkubwa. Mtu hupitia hapohapo.

Nimeliona hilo kwa macho yangu, na slingi nilikuwa nimeichagua mwenyewe. Nilikuwa mgeni kazini. Mzee mmoja alikuwa na tumbo kubwa na miguu myembamba kama fito. Nikauliza kilo zake, nikaangalia jedwali, nikatoa kubwa. Bahati yetu tulikuwa bado juu ya godoro, akatua palepale alipokuwa amelala. Akaniangalia, akasema: "Mwanangu, ulikuwa unanipima mimi au gunia?" Hadi leo sijapata jibu la kumpa.

Ubishi mwingi unatokana na kilo. Kilo za kikomo zilizoandikwa kwenye lebo zinakuambia mzigo ambao kitambaa na mishono havipaswi kuzidishiwa. Hazikuambii kama slingi inamfaa mtu huyu. Na kikomo cha kufuata ni kile kidogo kuliko vyote: mashine ikiwa ya kilo 150 na slingi ya kilo 200, una kilo 150, basi. Yale majedwali ya "kilo kadhaa mpaka kadhaa, chukua ya kati" ni makisio ya kuanzia. Watu wawili wa kilo 80, mmoja mrefu mwembamba na mwingine mfupi mwenye nyonga pana, huenda wasivae saizi moja hata siku moja. Rangi nazo zisikudanganye. Ukingo wa njano kwa mtengenezaji huyu ni saizi ya kati, kwa yule ni kitu kingine kabisa.

Ninachopima ni urefu wa mgongo, kuanzia kwenye kifandugu hadi begani, au hadi utosini kama shingo haijiwezi. Ukingo wa chini wa slingi ukae usawa wa kifandugu. Kisha mapaja: kila kipande cha mguu kipite chini ya paja bila mikunjo, kitokee upande wa ndani kikiwa na urefu wa kutosha kufika kwenye upau wa mashine wa kutundikia slingi pasipo kumvuta. Kikiishia katikati ya paja, slingi ni ndogo, itamkata kinenani na makalio yataning'inia nje. Kwa hiyo ndogo nayo inaangusha. Ila ndogo angalau hulalamikiwa, kwa sababu inauma. Kubwa inakaa kimya.

Halafu kuna ile ya chooni, yenye mkanda wa kifuani na uwazi mpana nyuma. Kila mtu anaipenda kwa sababu inavalishwa haraka na nguo zinashushwa mtu akiwa amening'inia. Naielewa raha hiyo. Lakini kitambaa chake ni kidogo mno. Inamtegemea mtu mwenyewe auweze mwili wake wa juu na aweke mikono nje, aikandamize chini. Mwenye kiharusi ambaye bega moja limelegea, au anayekakamaa ghafla na kurusha mikono juu, atachomoka kama mkono kwenye gwanda. Nimekuta nyumba ambako hiyo ndiyo slingi pekee, ya kitandani, ya kitini na ya kuogea. Niliichukua nikaondoka nayo. Sikuaga vizuri.

Vitanzi vya kutundikia slingi kwenye upau: kulia na kushoto rangi moja, isipokuwa kama kuna sababu iliyoandikwa. Vifupi mabegani na virefu miguuni, mtu anakaa wima. Geuza, analala nyuma. Piga picha ya mpangilio uliokubaliwa, ibandike ukutani, maana kumbukumbu ya zamu ya usiku si ya zamu ya asubuhi. Slingi ya klipu, isiyo na vitanzi, haitundikwi kwenye upau wa vitanzi, hata ukiona "inaingia." Breki za kiti cha magurudumu funga. Za mashine yenyewe, kwa nyingi zinazosukumwa, acha wazi wakati wa kuinua ili ijisogeze ifuate uzito, lakini soma kitabu chake kwanza. Slingi usiifue kwa dawa ya kung'arisha nguo. Lebo isiyosomeka, mshono ulioachia, kitanzi kilichochanika: tupa, usishone. Uingereza wana kanuni za LOLER za mwaka 1998, zinazotaka vifaa vya kazini vya kuinulia watu vichunguzwe kwa kina na mwenye ujuzi angalau kila miezi 6, slingi zikiwemo. Sawa, lakini mshono hausubiri miezi 6. Angalia kila unapoishika.

Sasa yale ambayo darasani hatuyasemi kwa sauti. Nilifundishwa kwamba slingi haiachwi chini ya mtu aliyekaa, na mimi nimewafundisha wengine hivyohivyo kwa ukali. Siku hizi zipo zilizotengenezwa ziachwe, na kuna watu niliowakubalia, kwa sababu kuwageuza ubavu huu na ule mara nane kwa siku kuliwachubua kuliko kitambaa. Je, nimefanya sawa kwa wote? Sina hakika. Ninachofanya ni kuikagua ngozi yao, na wawili nimewarudisha kwenye utaratibu wa zamani.

Jambo jingine: kipimo cha asubuhi si lazima kiwe cha jioni. Mwili uliolegea saa mbili asubuhi unaweza kuwa mgumu kama ubao ikifika saa kumi. Na wapo wanaoangukia katikati ya saizi mbili, ambao nimewaamulia kwa kujaribu zote mbili na kuangalia uso wao. Hakuna jedwali lenye safu ya uso.

Yule mama wa juzi alitoshwa na ya kati. Tulimwinua sentimita chache tu juu ya kitanda, tukasimama. Nikavuta kila kitanzi, nikatazama ukingo wa nyuma, nikamuuliza anabanwa wapi. Akasema habanwi, ila mwanawe anapumua kwa nguvu sana karibu na sikio lake. Tukamsogeza mwanawe, tukaendelea kupanda.